Mama ana COPD, tumnunulie mashine ya oksijeni?

"Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 64, yuko Mbeya, kauza vitumbua zaidi ya miaka thelathini, zamani kwa kuni na siku hizi kwa mkaa. Sigara hajawahi kuvuta. Mwaka 2009 aliumwa TB akamaliza dozi. Sasa hivi kutoka nyumbani mpaka barabarani anasimama mara tatu kupumzika, asubuhi anakohoa makohozi meupe, na mwaka huu amelazwa mara mbili kwa kubanwa kifua. Mara ya mwisho daktari akasema ni COPD, mapafu yamechakaa na hayaponi. Kapewa pampu mbili, moja hataki kuitumia kabisa, anasema akiizoea hataweza kuishi bila hiyo, na majirani wamemwambia pampu ndio hatua ya mwisho. Sisi watoto tumechanga milioni mbili tumnunulie mashine ya oksijeni ya nyumbani. Kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kinasoma asilimia 91 mpaka 93 akiwa amekaa. Tukimnunulia ataishi muda mrefu? Au tumeshachelewa?"

Marahaba, na poleni sana na mama. Nianze na hela maana najua mmeichanga kwa jasho: msinunue mashine bado. Oksijeni ni dawa nzuri kwa anayeihitaji, ila kwa namba ulizoniandikia kuna mambo kama manne hivi yanaitangulia kwenye foleni, na hayo ndio yanaweza kumuongezea mama miaka, na mengi ni rahisi kuliko hiyo mashine. Na hapana, hamjachelewa.

COPD ni ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, na hiyo kauli ya "yamechakaa, hayaponi" ni kweli nusu. Pafu lililokwishaharibika halioti upya, hilo sikudanganyi. Ila watu wanasikia "haliponi" wanaelewa "hamna cha kufanya", na hapo ndipo mama zetu wanarudishwa nyumbani kukaa kwenye kochi kusubiri. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani, na kwa wale wanaokufa kabla ya kufika miaka 70, karibu tisa kati ya kumi wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yani huku kwetu. Sasa wengi wao hawafi kwa sababu pafu limeisha ghafla kama betri. Wanakufa kwenye siku za kuzidiwa, wanakufa kwa nimonia, wanakufa kwa moyo. Na vyote hivyo kuna namna ya kuvipunguza.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani, manake ukikielewa hicho mengine yote yatakuwa mepesi. Watu wanadhani mwenye COPD anashindwa kuvuta hewa. Shida yake kubwa ni kuitoa. Chukulia daladala ambayo mlango umepinda, abiria wanaingia kwa kusukumana lakini kushuka wanakwama, gari linafika kituo kingine waliotakiwa kushuka bado wamo na wapya wanaingia, mpaka konda mwenyewe hana pa kuweka mguu. Njia za hewa za mama zimevimba na zimejaa makohozi, zinajifunga pale anapotoa pumzi, kwa hiyo hewa ya zamani inabaki ndani na mpya inakosa nafasi. Akiwa amekaa anamudu. Akitembea anapumua haraka, hewa inakosa muda wa kutoka, kifua kinajaa, anasimama. Ndio hizo mara tatu kabla ya barabara. Na ndio maana unamuona mwenye ugonjwa huu anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama anapoza chai, hakuna aliyemfundisha, mwili umegundua wenyewe kwamba hivyo njia zinabaki wazi kidogo. Mwambie aendelee, tena awe anafanya makusudi akipanda kilima.

Swali moja kabla sijaenda mbali: mama amewahi kupuliza kile kipimo cha spairometri? Sio ekisirei, nasema kile cha kupuliza bomba kwa nguvu zote mpaka pumzi iishe, halafu anapewa dawa ya kutanua njia anapuliza tena. Kama baada ya dawa bado sekunde ya kwanza anatoa chini ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kutoa, na historia inaendana, hapo ndio tunasema COPD. Nauliza kwa sababu aliumwa TB, na TB ikipona inaweza kuacha makovu na njia za hewa zilizotanuka na kulegea, ambayo matibabu yake yanatofautiana kidogo, na pia inaweza kurudi. Kwa hiyo apimwe makohozi tena hata kama alimaliza dozi, akaangaliwe na moyo pia, maana moyo uliochoka nao unaleta kubanwa na watu wanaubatiza pumu. Huko Mbeya mna hospitali ya rufaa ya kanda, anzieni hapo kuuliza kipimo hicho. Sehemu ya ile milioni mbili ikienda hapa haijapotea.

Sasa la kwanza kwenye foleni, moshi. Wengi wanajua COPD kama ugonjwa wa wavuta sigara, na kwa wavutaji kuacha ndio dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko zote, kuna utafiti wa Marekani na Kanada ulifuatilia karibu watu elfu sita kwa zaidi ya miaka 14 na kundi lililosaidiwa kuacha sigara lilikuwa na vifo vichache, ingawa hata humo walioweza kuacha moja kwa moja ni wachache tu. Mama hakuvuta sigara lakini kakaa miaka thelathini mbele ya kikaango, alfajiri, kwenye banda, akipuliza moto. Pafu halijui kama moshi umetoka kwenye sigara au kwenye kuni mbichi. Huko Xuanwei, China, familia zilizowekewa majiko yenye bomba la kutolea moshi nje baadaye ziliugua COPD kidogo kuliko majirani zao walioendelea na moto wa wazi ndani ya nyumba. Bomba tu hilo.

Najua utaniambia vitumbua ndio vinalipa ada, na ni kweli, kwa hiyo siwezi kukaa hapa kusema "aache" kama vile namlipia mimi. Ila ile milioni mbili inanunua mtungi mkubwa wa gesi na jiko la plet mbili na kujaza gesi kwa miezi kadhaa, au mnamlipa binti wa kukaanga mama akabaki kupokea hela na kuchanganya unga. Kama mkaa hauepukiki basi uwashwe nje na mtu mwingine, usogezwe ukishakolea, maana moshi mzito ni ule wa kuwasha. Lakini niwe mkweli, mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana ila sumu yake ipo. Na hili nawaambia watu wa Mbeya, Njombe na Makete kila mwaka: Juni na Julai baridi ikikaza msiingize jiko la mkaa chumbani kulala nalo. Linaua hata mwenye mapafu mazima, kimya kimya, usingizini. Ongeza dawa ya mbu ya kuchoma, ubani wa kila jioni, mjomba anayevuta sigara sebuleni "karibu na dirisha". Vyote hivyo mama anavivuta.

La pili, pampu, na hapa naomba uwasomee majirani. Pampu haina ulevi. Mtu haizoei kama anavyozoea sigara. Ni kama miwani, ukiivua huoni vizuri, lakini sio miwani iliyokuharibu macho. Hii "hatua ya mwisho" imetokea wapi naelewa: zamani watu walikuwa wanaandikiwa pampu wakiwa wameshazidiwa kabisa, wakifa lawama inabebwa na pampu. Mara nyingi mgonjwa anapewa moja ya kumfungua haraka akibanwa, kwa kawaida ya bluu, ile ya salbutamol, na nyingine ya kutumia kila siku hata akijisikia mzima, ili asifike kubanwa. Nahisi hiyo anayoikataa ndio ya kila siku, na ndiyo yenye kazi kubwa. Kwa watu kama mama, waliolazwa mara mbili ndani ya mwaka, pampu zenye mchanganyiko wa dawa mbili au tatu zinapunguza kuzidiwa, na tafiti kubwa za mwaka 2018 na 2020 zilionyesha mchanganyiko wa tatu ulikuwa na vifo vichache kuliko aina fulani ya mchanganyiko wa mbili. Ni ghali na hazipatikani kila duka, kwa hiyo zungumzeni na daktari mnaweza kumudu ipi kila mwezi bila kukatika. Ya kawaida inayotumika kila siku ni bora kuliko ya kifahari ya mwezi mmoja.

Halafu, je anaivuta sawasawa? Nishaona mtu kaja kliniki analalamika dawa haifanyi kazi, namwambia hebu nionyeshe, anajipulizia kwenye ulimi kama dawa ya kunukisha mdomo, dawa yote imeishia mashavuni. Kwa mtu mzima ambaye mkono na pumzi haviendi pamoja, tafuteni chupa safi ya maji ya plastiki ya nusu lita, ikaushwe, mtoboe tundu kwenye kitako kwa waya uliopashwa moto, tundu libane mdomo wa pampu barabara hewa isipite pembeni. Kifuniko kinatolewa, mdomo wa chupa anauweka mdomoni. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, avute na kutoa taratibu mara tano sita kupitia chupa hiyohiyo, ndio mbonyeze tena. Kubonyeza mara tatu mfululizo ni kuipaka chupa dawa. Chupa ioshwe kwa maji na sabuni ijikaushe yenyewe, msiifute na kitambaa, ikisuguliwa inapata ule umeme mdogo wa plastiki, dawa inanata kwenye kuta za chupa. Pampu ikiwa na stiroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, asukutue mdomo na kutema. Hii chupa watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto wenye pumu ikafanya kazi vizuri tu kama ya dukani.

Mkishindwa bei za pampu mtaandikiwa vidonge vya aminofilini. Ni vya bei chee na vinasaidia kidogo, lakini nafasi kati ya dozi inayosaidia na inayodhuru ni nyembamba, na akipewa siprofloksasini au erithromaisini juu yake dawa inapanda kwenye damu, moyo unaenda mbio, anatapika, anaweza hata kupata degedege. Kila duka la dawa mtakaloingia, semeni anatumia nini.

La tatu ni zile siku za kuzidiwa, na kwa maoni yangu ndio zinazoamua. Kila anapolazwa anatoka akiwa chini kidogo kuliko alivyoingia, na miezi michache baada ya kutoka wodini ndio ya hatari kuliko yote. Dalili zinaanza siku mbili tatu kabla: makohozi yanaongezeka au yanageuka njano au kijani, kubanwa kunazidi, pampu ya bluu iliyokuwa inatosha masaa sita sasa haifiki hata mawili. Muombe daktari awaandikie kabisa kwenye karatasi, siku hiyo tufanye nini. Kawaida ni kuongeza pampu ya bluu kwa chupa, vidonge vya prednisoloni kwa siku 5, utafiti wa Uswisi wa 2013 ulionyesha 5 zinatosha hamna haja ya 14, na antibayotiki pale makohozi yanapobadilika rangi. Ile tabia ya kwenda duka la dawa kila wiki kuchomwa sindano ya kufungua kifua ikome, zile stiroidi zikirundikana zinapandisha sukari, zinalainisha mifupa, zinakaribisha maambukizi.

Chanjo ziko hapohapo. Ya mafua kila mwaka na ya nyumonia, kwa watu wazima mara nyingi mtalipia wenyewe, ulizeni hospitali kubwa. Na mapema mwezi huu apime presha na sukari, maana moyo unaua wengi wa hawa wagonjwa wakati sisi tumekodolea macho mapafu.

Sasa mashine. Oksijeni ya nyumbani ilithibitishwa kuongeza maisha kwa tafiti mbili za zamani, moja ya Marekani ya 1980 na nyingine ya Uingereza ya 1981. Hiyo ya Uingereza ilikuwa hivi: watu 42 walipewa oksijeni angalau masaa 15 kwa siku, ndani ya miaka mitano wakafa 19. Watu 45 hawakupewa, wakafa 30. Tofauti kubwa sana. Lakini wale walikuwa na oksijeni ya chini mno hata wakiwa wamekaa, kwa lugha ya kidude chenu ni kama 88 kushuka chini, na wametulia, sio wiki ya kuzidiwa. Baadaye Marekani wakachukua watu 738 ambao walikuwa kwenye 89 mpaka 93, au wanaoshuka wakitembea tu, yani kundi la mama kabisa, matokeo yakatoka 2016: oksijeni haikupunguza vifo wala kulazwa. Ndio maana nikasema ngojeni.

Ila nina mawili ya kukutia wasiwasi kidogo, nisionekane nimefunga mlango. Vile vidude vya kidoleni kwenye ngozi nyeusi vina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli, ilishaandikwa na kupimwa, kwa hiyo 91 inaweza kuwa chini ya hapo. Na mama akiwa na hina au rangi ya kucha, au vidole vya baridi, namba ndio inakuwa ya kubahatisha zaidi. Pili, Mbeya iko juu, kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kuliko Dar, hata mzima anasoma chini kidogo huko. Kwa hiyo msiamue kwa kidude. Akishapita wiki sita mpaka nane tangu alazwe, akiwa ametulia, apimwe gesi za damu, wanachukua damu ya mshipa wa kifundo cha mkono, inauma kidogo. Mkiona miguu inavimba au midomo inakuwa ya buluu msingoje hizo wiki. Kipimo hicho kikisema kweli iko chini, hapo nunueni, na sitakuwa na ubishi.

Na mkinunua mjue mmenunua nini. Mashine ya lita 5 inakula wati 300 mpaka 350 hivi, masaa 15 ni uniti tano kwa siku, pigeni hesabu ya LUKU ya mwezi, na umeme ukikatika inanyamaza, kwa hiyo mtungi wa akiba unahitajika. Ikae mbali na jiko na mtu asiwashe kiberiti chumbani. Na kipimo cha lita kiwekwe na daktari, sio shemeji mwenye huruma anayeona mama anahema akapandisha mpaka mwisho. Baadhi ya wenye COPD wakipewa oksijeni nyingi hewa chafu inajikusanya kwenye damu, wanasinzia, wanalegea, na familia inafurahi kwamba mama amepata usingizi. Huko Tasmania, Australia, walilinganisha wagonjwa waliokuwa wanabebwa na ambulansi, waliopewa oksijeni ya kupimwa, lengo 88 mpaka 92, walikufa chini ya nusu ya waliopewa ya kufungulia. Hata wodini mnaruhusiwa kuuliza kwa adabu, "nesi, lengo lake ni ngapi?"

Jambo la nne ni kutembea, na hili ndilo watoto wanaolipinga zaidi kwa mapenzi. "Mama kaa, tutakufanyia." Misuli ya miguu isipotumika inaomba oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo anabanwa mapema, anakaa zaidi, inazunguka hivyo. Marekani waliangalia karibu wazee laki mbili waliotoka kulazwa kwa COPD, wale walioanza programu ya mazoezi ya mapafu ndani ya siku 90, kama 7 kwa mia walifariki ndani ya mwaka, wasioanza karibu 20 kwa mia. Nikuwekee na chumvi yake: wanaoanza mazoezi pengine walikuwa na nguvu tangu mwanzo, na hata walipopiga hesabu ya hilo tofauti ilipungua ila ikabaki. Kwa mama anzeni na kiti, asimame na kukaa mara tano, apumzike, arudie. Halafu ile safari ya barabarani, leo anasimama mara tatu, mwekeeni vigoda njiani, aende kila siku kidogo. Kuhema kunaruhusiwa, asiweze kuongea kabisa ndio apunguze. Na ale, kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo likijaa linasukuma mapafu, mayai, maharage, karanga, dagaa. Mwenye ugonjwa huu akikonda hali yake inakuwa mbaya haraka. Maziwa ya kusafisha mapafu ni hadithi, lakini maziwa ya kunenepesha ni halali, anywe.

Msisubiri asubuhi kama hawezi kumaliza sentensi, kama midomo imekuwa ya buluu, kama amechanganyikiwa au anasinzia kusiko kwa kawaida, kama pampu kwa chupa haimpi hata nusu saa, au kifua kimechoma ghafla upande mmoja. Akikohoa damu aende siku hiyohiyo, kwa aliyewahi kuugua TB hilo halichezewi. Wakati huo hospitali yenye mashine ya kusaidia pumzi kwa barakoa ni tofauti ya kufa na kupona, kwa hiyo ulizeni mapema kabla ya dharura ni ipi inayo, na nani mtaani ana gari usiku.

Siku ya kliniki bebeni na pampu zote mbili, hata ile iliyofungiwa kabatini, na hiyo chupa mliyotoboa, mama avute mbele ya nesi. Na muulizeni mama mwenyewe anaogopa nini, maana kwenye swali lako nimewasikia watoto, daktari na majirani, ila yeye nimemsikia sehemu moja tu, pale anapokataa pampu.